Jinsi ya Kununua Kiwanja kwa Machale

Kwanza, kula ushibe. Mtu aliyeshindia chai ya rangi, akazungushwa Chanika nzima juu ya bodaboda, ikifika saa nane mchana atapenda kiwanja chochote chenye mwembe. Anayemwambia "hapa hapa" ni njaa na kivuli. Wala usiende siku mshahara umeingia, maana siku hiyo hata shimo la mchanga linapendeza.

Ukishashiba, msikilize dalali huku ukijichunguza mwenyewe. Atasema mwenye eneo ana mgonjwa, ndiyo maana anauza bei ya kutupa. Atasema kuna mteja mwingine anakuja saa kumi na hela mkononi. Atasema lami inapita hapo mwakani. Moyo utaanza kwenda mbio, na wengi huona mbio zile ni ishara ya heri. Ni haraka tu, tena uliyotiwa na mtu anayelipwa ukinunua. Nenda nyumbani ukalale.

Machale siyadharau hata kidogo. Mwanasaikolojia Mmarekani Gary Klein aliwahoji wazima moto jinsi wanavyoamua. Kamanda mmoja wa Cleveland aliingia na vijana wake kwenye nyumba iliyoonekana kuungua jikoni. Wakamwaga maji, moto haukupungua. Sebuleni joto lilikuwa kali kupita kiasi, na moto wenyewe kimya. Akaamuru wote watoke bila kujua sababu. Punde sakafu ikaporomoka. Moto ulikuwa chini yao, kwenye chumba cha chini ya ardhi. Lakini yule alikuwa amezima mioto mingi, na kila mmoja ulimwachia somo. Mwaka 2009 Klein na mwanasaikolojia mwenzake Daniel Kahneman, waliokuwa kambi mbili tofauti juu ya jambo hili, waliandika pamoja kwamba hisia ya namna hiyo inaaminika pale mambo yanapojirudia kwa utaratibu na mtu amepata muda wa kutosha kujifunza kwayo. Wewe umeshanunua viwanja vingapi?

Basi gawa kazi. Watu umewasoma tangu utotoni, kwa hiyo kuhusu muuzaji yasikilize machale. Muulize, "Mzee, mama nyumbani anajua unauza?" kisha mtazame usoni. Muulize mpaka wa kulia ni wa nani. Mwenye eneo wa kweli humtaja jirani kwa jina, na mara nyingi ataongeza na ugomvi wao wa kuku. Roho ikisita hapo, usiibembeleze.

Kuhusu ardhi yenyewe machale hayajui kitu. Mwezi wa tisa bonde linakauka, watoto wanacheza mpira humo. Mafuriko ya Desemba 2011 yalizikuta familia zimeshajenga Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, na serikali ikalazimika kuwahamishia waathirika Mabwepande. Rudi mwezi wa nne, masika yamekolea. Angalia kama matete yameota. Tazama ukuta wa jirani kama una mstari wa tope usawa wa goti. Mstari huo haudanganyi, na dalali hakuuchora yeye. Halafu nunua nyanya kwa mama wa genge, umuulize, "Mama, mvua zikinyesha hapa mnapitaje?" Akicheka kabla ya kujibu, umeshajibiwa.

Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa bila dalali. Kama kuna hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kwa Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuitumia, na haki hiyo inaweza kuwa imeshauzwa kwa watu wawili kabla yako, nao pia walikuwa na hakika moyoni.

Ikitokea makaratasi yote ni safi na bado roho inakataa, acha. Kiwanja kizuri ukikikosa, kitapatikana kingine. Kibaya ukikinunua, akiba ya miaka mingi imefukiwa humo na kesi juu yake. Mlipe dalali nauli ya bodaboda, mshukuru, na umwambie akupigie akipata kingine.