Namna ya Kuwa Bingwa wa Filamu za Kutisha Ukiwa Niania

Kwanza, kaa benchi la nyuma. Benchi la mbele ni la watoto, wao wamekuja kutazama. Wewe umekuja kuhukumu. Lipa faranga zako, nunua karanga za kutosha filamu mbili, na kabla mashine haijawaka, guna. Mguno wa mapema unawaambia watu wote katika kibanda cha video kwamba filamu hii ulishaiona Bunia, na kwamba nakala ya Bunia ilikuwa safi zaidi.

Kwa kazi hii Niania imepangwa vizuri na Mungu mwenyewe. Tuko njia panda: barabara ya taifa namba 4 inatoka Kisangani kwenda Mambasa na Beni, na nyingine inachepuka kwenda Wamba mpaka Isiro. Lori likikwama matopeni, dereva na utingo wanalala hapa, na flashi zao zinalala kwa mwenye kibanda. Filamu inafika ikiwa imepita mikono mingi na jina lake limepotea njiani. Usihangaike nalo. Yenye nyoka ni Anakonda, yenye nyani mkubwa ni King Kong, yenye mtawa ni Ile ya Masista.

Ukishakaa, kumbuka kwamba bingwa haogopi zimwi. Kazi yake ni kuonyesha kwamba waliotengeneza filamu hawajui msitu.

Anza na Congo ya mwaka 1995, ya Frank Marshall, kwa kuwa inatuhusu kwa jina. Watu wanatafuta almasi katika mji uliopotea uitwao Zinj, unaolindwa na magorila wauaji wa kijivu. Sehemu ya msitu wao ilipigwa picha Costa Rica. Hapo kohoa kidogo, uwaeleze majirani kwamba Hollywood ilikuja Kongo yenyewe mwaka 1951, kupiga The African Queen karibu na Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Karibu kundi zima likaharisha. Waliopona ni Humphrey Bogart na mwongozaji John Huston, ambao inasimuliwa kwamba walikunywa wiski mahali pa maji. Tangu siku hiyo, sema kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo, wazungu wameamua kwamba Kongo nzuri ni ile iliyo mbali na Kongo. Ushahidi unao: The Legend of Tarzan ya 2016 inasimulia nchi yetu ya wakati wa mfalme Leopold, lakini miti yake ilisimamishwa studio huko Uingereza, na mandhari ya kutoka angani yakachukuliwa Gabon.

Kisha toa lawama nzito zaidi, ile ya kimya. Katika filamu hizi zote, kabla zimwi halijatokea, msitu unanyamaza. Ni msitu gani huo? Wa kwetu haunyamazi hata kwa bahati mbaya. Mgeni anayelala Niania mara ya kwanza na akamsikia perere usiku, yule mnyama mdogo wa juu ya miti asiyemzidi sungura kwa mbali, anadhani mtu anachinjwa: anaanza kwa kukoroma, anapanda kidogo kidogo, halafu anapiga makelele mpaka pumzi inamwishia. Wenyeji wanageukia upande wa pili wanaendelea kulala. Mtengeneza sauti wa Hollywood analipwa dola nyingi ili afike nusu ya hapo.

Anaconda ya 1997 usiikose, maana inakupa nafasi ya kuonyesha jicho lako. Kuna mahali mashua inarudi nyuma na nyuma yake kuna maporomoko. Yatazame maji yale. Yanapanda! Walipiga picha mashua ikienda mbele, wakaigeuza, wakadhani hakuna atakayeona. Baadaye nyoka anammeza Jon Voight, anamtapika, na Voight, akiwa ametapakaa ute, anamkonyeza Jennifer Lopez. Chatu wa kwetu akishameza swala analala siku nyingi bila kumsumbua mtu. Wa filamu anameza na kutapika ili apate nafasi ya kumeza tena. Hiyo si njaa, ni ubadhirifu.

Wanyonya damu wanahitaji uchambuzi wa kijamii. Katika Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka 2025, mambo yanatokea Mississippi mwaka 1932, na Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili peke yake. Wanyonya damu wanasimama mlangoni na ala zao, wanaimba vizuri kabisa, wanaomba waingie, kwa sababu bila kukaribishwa hawawezi kuvuka kizingiti. Walio ndani wanakataa. Filamu nzima inasimama juu ya kukataa huko! Hapa kwetu isingefika dakika tano. Mtu akipiga hodi, mama anajibu karibu kabla hajageuka kuona ni nani, na mtoto anatumwa kuleta kiti. Wangetumaliza kabla sombe haijaiva, na tungewaomba radhi kwamba chumvi ni kidogo.

Ile ya Masista, yaani The Nun ya 2018, ipite haraka. Mtawa amejinyonga Romania, na Vatikano inatuma padri mmoja na msichana ambaye hajaweka hata nadhiri. Ukisema tu kwamba hata kuezeka kanisa tunaunda kamati, umemaliza. Za Harry Potter nazo ni fupi: filamu nane za shule ya wachawi, na hatuoni mtoto hata mmoja akirudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali, yaani karo. Uchawi mkubwa ndio huo.

Lawama zote zimwelekee mwongozaji, lakini mtafsiri usimguse. Yule anayesema juu ya sauti ya filamu ndiye mwenye filamu. Tanzania walikuwa na Derek Mukandala, maarufu Lufufu. Kenya wana DJ Afro. Na katika Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie inamsifu muuaji, inamcheka marehemu na kutangaza filamu nyingine kabla hii haijaisha. Mtafsiri akisema zimwi ni shemeji yake shujaa, basi ni shemeji.

Kuna jambo moja bingwa halifanyi, nalo ni kulinganisha filamu na yaliyotokea kweli. Tarehe 24 Juni 2012 wenye silaha walivamia Epulu, kwenye barabara yetu hii ya kwenda Mambasa, wakaua watu na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Barabara hii imeona mengine tangu hapo. Anayetoka upande ule akiingia, akakaa, akacheka kwa sauti kubwa pale kichwa cha plastiki kinapokatwa, mwache acheke. Msogezee karanga.

Kuhusu mwisho wa filamu, usitegemee kuuona. Esansi ya jenereta hukatika pale shujaa anapoufungua mlango ambao kila mtu amemkataza. Kijana atatumwa kwa kadafi, muuza esansi wa chupa, na kadafi atakuwa ameshalala. Huu ndio wakati wako, kwa sababu sasa hakuna wa kukupinga. Simama gizani, useme kwamba yule dada alikuwa jini tangu mwanzo. Wakikubishia, waambie iko sehemu ya pili inayoeleza yote, ila mwenye flashi amepita nayo asubuhi kuelekea Isiro.