Simu Ndani ya Hotpoti

Kama una kijana chuoni, mwenzangu, vuta kiti tukae. Kama huna, kaa vilevile, wako anakuja.

Binti yetu mkubwa tunamwita Profesa, jina alilopata akiwa darasa la tatu, alipomsahihisha konda wa daladala hesabu ya chenji mbele ya abiria wote. Mama yake mimi namwita Spika, maana hapa nyumbani Tabata huongei mpaka akupe nafasi. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia mwaka juzi na bado anatusalimia, ni Redio Mbao. Wa mwisho, miaka tisa, ni Kiroboto. Mimi sina jina la utani, au ninalo na hawajaniambia.

Basi Profesa karudi likizo na sapu mbili. Habari niliipata kwa Redio Mbao, aliyeipata kwa Kiroboto, aliyeipata kwa kutega sikio mlangoni. Sapu, kwa mliosoma zamani, ni mtihani wa kurudia. Ukishindwa tena unakeri, ukizidisha unadisko, na disko hiyo haina muziki. Sapu mojawapo ilikuwa ya Takwimu. Ishike hiyo, tutaihitaji.

Mhalifu nilikuwa nimeshamjua: simu. Binti analala nayo, anakula nayo, na nusu ya bumu, ile fedha ya kujikimu, nahisi inaishia kwenye bando. Kwa hiyo nikaingia mtandaoni kutafuta ushahidi (ndiyo, kwa simu), nikakaa mpaka saa nane usiku, nikatoka na silaha mbili. Ya kwanza, utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 kwa wanafunzi 219: waliotumia Facebook walikuwa na GPA ya 3.06 kati ya 4, wasioitumia 3.82. Ya pili, University of Pennsylvania, 2018: katika wanafunzi 143, waliojibana dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao, yaani Facebook, Instagram na Snapchat, kwa wiki tatu, upweke na huzuni viliwapungua.

Asubuhi nikasoma muswada wangu wa kuzifungia simu. Spika akaupitisha kwa sharti kwamba umguse kila mtu, "hata wewe unayecheka peke yako hapo kwenye kochi." Simu zote zifungwe kwenye taulo, ziingie kwenye hotpoti yake kubwa ya harusi. Harusini tulipewa hotpoti saba na pasi hakuna hata moja. Nilikwenda kazini mwezi mzima na mashati yenye makunyanzi watu wakidhani ndiyo raha ya ndoa. Tuache hayo.

"Na kundi la msiba la WhatsApp?" akauliza Redio Mbao. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba sheria ni msumeno. Akanitazama kama mtu aliyekumbuka mahari niliyobakiza, akatoa kitochi chake, akakidumbukiza.

Profesa hakugoma. Alisogeza kikombe cha chai, akafundisha. "Baba, huo wa kwanza unaonyesha mambo mawili yanakwenda pamoja, hausemi lipi limeleta lipi. Labda aliyelemewa darasani ndiye anayekimbilia Facebook. Huo wa pili ndio jaribio hasa, ila uliusoma mpaka mwisho? Upweke ulipungua, sawa. Kujithamini hakukubadilika kwa kiasi cha maana."

Nikamuuliza kajifunza wapi haya.

"Kwenye Takwimu."

"Si ndiyo uliyofeli?"

"Naijua, baba. Usiku wa kuamkia mtihani sikulala tu."

Nikataka kuuliza kwa nini, Spika akanifinya chini ya meza. Kwa kanuni zetu hiyo ni amri ya kuketi.

Alisema mwenyewe jioni, tukichambua mchicha. Usiku ule mwenzake mmoja wa chumbani alikuwa kaweka picha za Zanzibar, mwingine biashara yake ya mawigi, mwingine kapata nafasi ya fildi benki. Akaanza kufungua kurasa za darasa zima, mmoja baada ya mwingine, mpaka alfajiri. "Nilikuwa namtafuta mmoja tu ambaye mambo yake hayaendi," alisema. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima kwa kujilinganisha na wenzake. Sawa, lakini hao wenzako wa 1954 ulikuwa ukiwaona na mswaki mdomoni. Mimi chuoni nilijilinganisha na jamaa wa kitanda cha juu, na soksi zake nilizijua.

"Hata picha yangu ya kwanza ya chuo niliifuta," akaendelea. "Laiki 11, na tatu zilitoka humu ndani."

Picha hiyo niliipiga mimi. Yuko getini, godoro kichwani, anacheka. Nilitafuta neno la mzazi la kumwambia, nikaendelea kuchambua mchicha.

Hapo hotpoti ikaanza kuimba. Tukakimbilia jikoni, tukafunua: wali wa nazi, wa moto, umejaa hadi ukingoni. Redio Mbao alikuwa kasahau kilichomo, akadhani taulo ni la kutunza joto, akapakua. Mlio ulikuwa unatoka chini kabisa. Spika akachota kwa upawa, akaitoa simu ya Profesa, akaipangusa. Kwenye kioo, katikati ya punje za wali, alikuwepo binti getini, godoro kichwani, anacheka.

Anayepiga kwa WhatsApp, na hiyo ndiyo picha yake ya wasifu: Bibi. Alikuwa uani, na simu janja ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga muda wote.

"Nawapigia mje mle," alisema.

"Bibi, hii picha umeitoa wapi?"

"Si wewe uliyeniwekea? Mimi kuitoa sijui."

Profesa aliishika simu ile muda mrefu kuliko dakika 10, na hakuna aliyemhesabia. Muswada ulifutwa kabla ya kunawa mikono, kwa kuwa hotpoti inahitajika Jumapili. Sapu anazisomea sebuleni, na simu yake kaiacha kwa bibi yake bila kuambiwa na mtu. Bibi sasa ana TikTok. Yangu iliingiwa na nazi na haina spika tena. Wa nyumbani yupo, na sauti yake iko palepale.