Heko, Panya

Nchi hii haina uchoyo wa kuwasifu wanyama. Twiga amepewa mkia wa ndege za shirika la taifa. Simba amepewa timu ya mpira na noti ya shilingi 2,000, faru amepewa noti ya 5,000, na tembo, kwa ukubwa wa mwili wake, noti ya 10,000. Hata sungura, ambaye kazi yake kubwa ni kuwadanganya wenzake kwenye hadithi, aliwahi kukaa kwenye thumni. Wengi wetu hao wote tunawaona kwenye kalenda tu. Panya, anayelala nasi chini ya paa moja na kumaliza tulichobakiza, hajaambulia kitu. Akitajwa, anatajwa na muuza sumu anayepita mtaani na kipaza sauti chake: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Kumtia kiumbe wa hadhi yake orodha moja na kunguni ni utovu wa adabu, na leo nimeamua kumsimamia.

Sitamsifu kwa mambo ya kubuni. Nitamsifu kwa yaleyale tunayojisifia sisi wenyewe tukijiita wastaarabu: kusoma, kusafiri, kulea familia na kufanya kazi. Msomaji apime mwenyewe.

Tuanze na kusoma. Kila mwaka tunakaa semina kulalamika kwamba watu hawasomi vitabu. Panya hahusiki na lawama hizo. Akikishika kitabu hakiachii. Hasomi muhtasari, hasubiri filamu yake itoke, wala hakiazimi kwa rafiki akasahau kukirudisha. Anaanzia mgongoni, kwenye gundi, hasa vitabu vya zamani vilivyogandishwa kwa wanga, halafu anaingia ndani ukurasa kwa ukurasa. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo asipotafuna yatamzidi kinywa. Sisi tunasoma tukipata nafasi. Yeye asiposoma anaumwa.

Kwenye rafu yangu amepitia riwaya ya Elvis Musiba, *Kufa na Kupona*, ile ya mwaka 1974. Jalada la nyuma amelimaliza, pembe za karatasi amezichonga vijino viwiliviwili, na unga mweupe ameulaza chini ya rafu kwa mstari ulionyooka. Kurasa za mwisho hazipo. Kwa hiyo kwenye nakala yangu shujaa wake, Willy Gamba, bado yuko hatarini, na atabaki hatarini milele. Riwaya za upelelezi nilizozisoma hadi mwisho nyingi nimezisahau. Hiyo bado inaninyima usingizi. Huo ni uhariri wa hali ya juu. *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichokuwa kimeegemea hapohapo, hakukigusa. Wenye imani watasema ni heshima kwa sheikh. Mimi naona ni kwa sababu nilikivisha jalada la nailoni.

Tena hana ubaguzi wa maandishi. Hati ya kiwanja, risiti za ada, cheti cha ubatizo, barua ya mapenzi ya mwaka uliopita, vyote kwake ni fasihi. Maofisini ndiko anakoheshimika zaidi, kwani kila faili linalotafutwa na mkaguzi likikosekana huambiwa limeliwa na panya. Ajabu ni kwamba katika ofisi hizo panya hula mafaili ya fedha tu. Ya likizo za wafanyakazi yapo salama. Amebeba dhambi za watu wengi huyu mnyama, na hajawahi kumtaja mtu.

Njoo kwenye safari. Panya mweusi wa majumbani asili yake ni Asia ya Kusini. Alikuja pwani yetu kwa chombo, kwa pepo za kaskazi, na wanaakiolojia waliochimba Unguja Ukuu, bandari iliyovuma zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wameikuta mifupa yake. Sasa wakati wazee wanapokaa barazani wakihesabu nasaba zao, nani alikuja na jahazi gani kutoka wapi, panya aliye juu ya boriti anawasikiliza tu. Akipewa nafasi naye atahesabu, na wachache watamfikia kwa ukongwe.

Safari hizo hazikuwa za kubabaisha. Meli hadi leo huvishwa visahani vya chuma kwenye kamba zake za gatini ili panya asipande wala asishuke. Na kwa miaka mingi, mpaka kanuni za afya za kimataifa zilipobadilishwa mwaka 2005, kila meli ya safari za mbali ilitakiwa kuwa na cheti maalumu cha kuonyesha kwamba imesafishwa panya au kwamba hawamo. Nahodha alikuwa na orodha ya abiria waliomo, na cheti cha abiria asiyekuwemo. Waziri mwenyewe hasafiri kwa itifaki ya namna hiyo.

Siku hizi anapanda basi na treni kama sisi. Halipi nauli, ni kweli, lakini pia hagombei kiti cha dirishani, hapigi simu kwa sauti hadi gari zima lijue mkwewe anaumwa nini, wala hamlazi mtoto wake mapajani mwa mtu asiyemfahamu. Badala ya kumshukuru, tumelitumia jina lake vibaya. Sukari ya magendo ikivushwa usiku huko Tunduma au Namanga, tunasema imepita njia za panya. Nani alimwona panya amebeba mfuko wa kilo hamsini akikwepa ushuru? Vijana wa Dar es Salaam walipoanza kupora watu kwa mapanga, wakaitwa Panya Road. Panya hajawahi kushika panga. Angekuwa na wakili, nusu ya magazeti yetu yangeshafilisika kwa fidia.

Katika familia ndiyo usiseme. Mimba yake ni ya wiki tatu hivi, na panya shamba wa kike, huyu anayejulikana sana Morogoro, anaweza kuzaa na kunyonyesha watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo. Wote hao anawalea bila kadi ya bima, bila kumwomba shemeji ada, na, jambo kubwa kuliko yote, bila kukuletea kadi ya mchango wa harusi. Ukoo mzima umeolewa na kuoana juu ya dari yako na hujachangia hata soda.

Wala haijengi familia yake peke yake. Anaijenga na ya kwetu. Nyumbani kwetu zamani mchuzi ulikuwa na tabia ya kupungua usiku. Asubuhi minofu imetoweka sufuriani, mfuniko umerudishwa vizuri mahali pake, na bibi anamlaani panya tangu alfajiri hadi chai. Hakuna aliyejiuliza ni panya gani huyo anayefunika chungu akishakula. Baba akanunua mtego, ule wa ubao na springi, akautega kando ya sufuria na kipande cha dagaa. Usiku wa manane tukasikia mlio, kisha yowe. Baba alitoka na fagio, mama na koroboi, sisi watoto tukifuata nyuma. Mjomba, aliyekuja kutusalimia na kusahau kuondoka, alikuwa amechuchumaa jikoni, kidole gumba kimebanwa.

“Shikamoo, mjomba,” mdogo wangu alisema, maana ndivyo alivyofundishwa.

“Marahaba,” mjomba alijibu, machozi yakimlengalenga.

Bibi alimwangalia mwanawe kuanzia utosini hadi unyayoni, akavuta kanga yake vizuri begani. “Kumbe panya wa nyumba hii anavaa msuli,” akasema, akarudi kulala.

Wahenga walikwisha kusema kwamba mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Hawakusema kwamba mara nyingi wasiokuwemo ndio waliokuwemo. Tangu usiku ule mchuzi haukupungua tena, na panya hakuna aliyemwomba radhi.

Wanaomshutumu watataja pia kuuma kwake. Lakini angalia anavyouma. Watu wa pwani wanasema panya huuma huku akipuliza, ndiyo maana mtu hashtuki hadi asubuhi aone kisigino kimechubuka. Sina ushahidi wa daktari juu ya huo upulizaji, ila nawajua mabosi, wakwe na wakopeshaji wanaouma bila kupuliza hata kidogo. Kwa kulinganisha, panya ni muungwana.

Tusimsahau mfugo wetu kipenzi, paka, ambaye ajira yake yote inamtegemea panya. Babu zake waliingia majumbani kwa sharti moja tu, kulinda nafaka. Wa kwangu anakula dagaa wa kuchemshwa na kulala juu ya gazeti kabla sijalisoma. Panya akikatiza sebuleni, paka humsindikiza kwa macho kutoka mlango huu hadi ule, kama askari wa usalama barabarani anayeupisha msafara wa mkubwa. Tunaambiwa paka akiondoka panya hutawala. Kwangu paka hajaondoka. Wameunda serikali ya umoja wa kitaifa.

Nakuja kwenye kazi, na hapa wenye mzaha wanyamaze. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna panya walioajiriwa. Ni panya buku, wakubwa, wenye macho hafifu na pua isiyokosea, wanaofundishwa na shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997. Mafunzo huchukua kama miezi tisa, na mshahara hulipwa papo hapo: kipande cha ndizi. Wapo wanaonusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na huwapata wagonjwa ambao hadubini ya kliniki ilikwisha kuwaambia kuwa ni wazima. Wapo wanaotafuta mabomu ya ardhini. Msumbiji ilipotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu hayo, panya wa Morogoro walikuwa miongoni mwa walioifanya kazi hiyo.

Maarufu kuliko wote ni Magawa, mzaliwa wa Morogoro, aliyepelekwa Kambodia. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi alilimaliza kwa nusu saa. Mtu mwenye kifaa cha kugundua chuma anaweza kulihangaikia hadi siku nne. Alikuwa na uzito wa kilo moja na ushei, kwa hiyo bomu halikumtambua hata akilikanyaga. Alivumbua mabomu na vilipuzi vingine, jumla zaidi ya 100, na Septemba 2020 shirika la hisani la PDSA la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka 2021, akafariki Januari 2022, bila kashfa yoyote ya mafao. Ni Watanzania wangapi waliotumwa nje ya nchi wakarudisha jina safi namna hiyo?

Najua mnachosubiri. Mtasema tauni, na watu wa Lushoto, walioisikia kwa miaka mingi tangu 1980, wana haki ya kusema. Mtasema homa ya mgunda, iliyopiga mkoa wa Lindi mwaka 2022. Mtasema mahindi yanayofukuliwa shambani kabla hayajaota na gunia linalotobolewa kabla halijauzwa. Hapa wakili wa panya anakohoa na kuomba maji ya kunywa. Anaweza kusema tauni huletwa na kiroboto, na kwamba panya mwenyewe hufa wa kwanza. Anaweza kusema mkojo wake ulieneza homa hiyo ya mgunda bila nia mbaya. Lakini hakimu aliyewahi kupanda mahindi hatazisikiliza hoja hizo, na mimi siwezi kumlaumu. Unga ufunikwe, mabaki yasilale nje, takataka ziondolewe. Mteja wangu hatapinga hukumu hiyo, atahamia kwa jirani.

Na hiyo kuhamia kwa jirani ndiyo sifa yake ya mwisho. Panya hahamii nyumba isiyo na chakula, wala hakai na mtu kwa sababu ya cheo, kabila au gari lililoegeshwa nje. Anakagua ghala, na uamuzi wake hauhongeki. Watu wa Morogoro walimpa mafunzo na ndizi, akawaokolea watu maisha. Sisi tumemwachia sufuria wazi, akawa mwizi, sawa na mjomba. Kwa hiyo ukimsikia usiku huu akikwaruza darini, usikimbilie sumu. Funika chakula chako, kisha mshukuru Mungu, maana umethibitishwa kuwa una kitu. Siku akihama mwenyewe bila kufukuzwa, usisherehekee. Kachungulie debe la unga.