Miwani ya Suka na Jua la Kimara

Ukitaka kujua miwani nyeusi ya dereva wa daladala imenunuliwa kwa ajili ya nini, angalia inavyojaribiwa. Machinga anapita katikati ya foleni na ubao wake, suka anashusha kioo, anachomoa moja, anaivaa. Ungetegemea kwamba sasa atatazama mbele: aone kama taa nyekundu bado ni nyekundu, kama bodaboda aliye mbele bado ana umbo la bodaboda. Wapi! Suka anageukia kioo cha pembeni na kujitazama mwenyewe. Anainua kidevu, anapima shavu la kulia, anapima la kushoto, anamgeukia konda apate hukumu, konda anasema imemkaa, hela inatoka. Chombo kilichotengenezwa ili mtu aone kimenunuliwa kwa jinsi anavyoonekana. Na kibandiko kilichokuja nacho kwenye lenzi hakibanduliwi, kwa sababu ile ile inayofanya siti za basi jipya zibaki na nailoni zake mpaka zichanike zenyewe.

Sina ugomvi na miwani. Ugomvi wangu ni na cheo tulichoipa. Kwa mtu anayeendesha gari kwa ujira, miwani ya jua ni waipa ya macho, na ingetumika kama waipa kusingekuwa na haja ya insha hii. Waipa huwashwa mvua ikinyesha na kuzimwa ikikatika. Hakuna dereva anayepita Manzese usiku wa kiangazi waipa zikicheza kwa sababu zinampendeza. Hakuna anayeziinua juu ya paa mvua inapoanza. Miwani ndiyo inayotendewa hayo yote: saa sita mchana, jua likiwa utosini na paa la gari likimkinga dereva, iko machoni, saa kumi na mbili jioni, jua likiwa limemkabili kama mdai, imepandishwa kwenye nywele, saa mbili usiku imerudi machoni, kwa kuwa sasa taa za maduka zimewaka na watu wanamwona.

Anayedhani nakuza jambo aikumbuke Barabara ya Morogoro. Kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam kwenda Ubungo, Kimara, Mbezi na Kibaha, barabara hii inashika njia ya magharibi. Asubuhi kazi ya suka ni kuwashusha watu mjini, yaani kuelekea mashariki, na jua ndipo linapotokea. Jioni kazi yake ni kuwarudisha Kimara, na jua nalo limeshahamia huko linamsubiri. Utadhani limeajiriwa na tajiri yule yule mwenye daladala. Dar es Salaam iko digrii zisizofika 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu halizami kwa kuzungukazunguka. Linashuka karibu wima, kiasi cha digrii 15 kwa saa. Maana yake, saa nzima ya mwisho kabla ya magharibi linakuwa usawa wa kioo cha mbele, na ndiyo saa ambayo daladala imejaa mpaka mlangoni. Dereva wa mabasi ya mikoani ana nafuu kidogo: akitoka Mbezi Luis alfajiri kwenda Mwanza, jua linamsindikiza kisogoni, na kuanzia Dodoma hivi ndipo linapompita na kumgeukia.

Hapo mtu ataniambia magari yamewekewa kile kibao cha kushusha juu ya kioo. Ni kweli, na kinafaa sana kwa jua la saa kumi. Jua likishuka zaidi ya hapo linapita chini ya kibao, na ukikishusha kifuate jua, unaziba jua pamoja na barabara. Isitoshe, katika daladala iliyokomaa kibao hicho kina kazi nyingine: kimebana leseni, risiti za faini mbili, kitana, na kalenda ya mwaka juzi. Kukishusha ni kufungua ofisi gari likiwa kwenye mwendo. Na kioo chenyewe, kikiwa na nyufa zake na vumbi lake, kikipigwa na mwanga wa jua lililoshuka kinawaka cheupe kizima, kama shuka limeanikwa mbele ya dereva. Hapo kibao hakisaidii kitu.

Abiria wana hoja yao nyingine, nayo ni ya maadili. Kwetu haya hukaa machoni. Asiye na haya tunamwita mkavu wa macho. Sasa mtu uliyemkabidhi roho yako kutoka Mbezi mpaka Shinyanga macho yake huyaoni: utajuaje kama si mkavu? Utajuaje kama hajalala? Kama hafichi wekundu wa kinywaji cha jana? Haya ni maswali ya haki, ila yanamfikia mtu asiyehusika. Abiria wa siti ya kumi na nne hajawahi kuyaona macho ya dereva wake hata siku moja. Anachokijua ni kisogo, na kisogo hakivai miwani. Usingizi wa dereva nao hauonekani machoni peke yake. Unaonekana shingoni, kichwa kinapoinama na kushtuka, na unaonekana kwenye magurudumu, yanapoanza kuutafuta mstari mweupe wa pembeni. Mwenye wasiwasi aangalie huko. Na kuhusu wekundu, dereva asiye na miwani anayekodolea jua na vumbi kutwa nzima atafika Singida macho yamemwiva bila kugusa hata soda.

Pingamizi zito linatoka kwa wanaotembea kwa miguu, na siwezi kulipita kwa utani. Kuvuka barabara mjini ni mapatano ya macho: unamtazama dereva, anakutazama, mmoja wenu anakubali kushindwa. Dereva akivaa zile lenzi zinazong'aa kama kioo cha kinyozi, mapatano yamevunjika, maana unachokiona ndani yake ni wewe mwenyewe, mdogo, umeshika mfuko wa nyanya, umeogopa. Nakubali. Lakini tuchukue jioni hiyo hiyo ya Kimara na dereva asiye na miwani. Wewe unamwona vizuri kupita kiasi, kwa kuwa jua linammulika yeye usoni. Unaona hata jino la dhahabu. Unaapa naye amekuona. Yeye upande wake anaona moto mweupe, na ndani ya moto vivuli vinavyotembea, na wewe ni kimojawapo. Macho yamekutana, naam, ila ni ya mmoja tu yaliyoona. Na hata kwa mchana wa kawaida, mwenye kuvuka hana haja ya kuonwa. Ana haja gari lisimame. Macho ya dereva huahidi mengi ambayo breki hazitimizi. Pua ya gari ikiinama, hiyo ndiyo kauli.

Basi tukubali miwani ivaliwe. Ipi? Hapa ndipo ubao wa machinga unapogeuka kuwa mtihani wa fizikia. Viwango vya kimataifa hupanga lenzi katika madaraja kuanzia 0 hadi 4 kwa kiasi cha mwanga zinachopitisha. Daraja la 2 hupitisha asilimia 18 hadi 43, la 3 asilimia 8 hadi 18, nayo hayo yanamtosha dereva wa mchana. Daraja la 4 hupitisha asilimia 3 hadi 8 tu; ni la theluji za milimani, na haliruhusiwi kwa kuendeshea gari. Sasa suka wetu huchagua kwa kanuni kwamba weusi ndio ubora, kama chai ya rangi, kwa hiyo huishia na giza la kupandia Kilimanjaro akiwa anaingia Manzese. Kile kibandiko cha UV400 anachokitunza hakimsaidii kujua giza. Kama ni cha kweli, kinasema tu kwamba lenzi inazuia mionzi ya urujuanimno, na sehemu kubwa ya mionzi hiyo imeshazuiwa na kioo cha mbele, ambacho ni tabaka mbili za kioo zenye utando wa plastiki katikati. (Mkono wa kulia unaotolewa nje ya dirisha hauna UV400 wala utando, na ndiyo maana suka mzoefu ana mikono ya rangi mbili.)

Mwenye fedha zaidi hununua lenzi zinazojigeuza rangi zenyewe. Zina aibu yake. Zinasubiri urujuanimno ndipo ziwe nyeusi, na ndani ya gari hazipati wa kutosha. Matokeo yake zinakuwa nyeusi tii dereva akishuka kunywa chai, na akirudi kwenye usukani zinatakata ili jua limpate vizuri. Afadhali za polaraizi, zinazokata mng'ao unaoruka kutoka kwenye lami yenye maji na maboneti ya wenzake. Wakati wa masika zinafaa kuliko mazungumzo yote. Kosa lake ni kwamba ukiitazama simu kwa pembe fulani, skrini inakuwa nyeusi kabisa, kwa hiyo utamwona dereva amelaza kichwa begani kama kuku anayesikiliza mwewe, anatafuta nani anapiga. Hilo mimi silihesabu kasoro ya miwani.

Usiku sina huruma. Lenzi isiyofikisha asilimia 75 ya mwanga haifai kuendeshea gizani, na lenzi yoyote ya rangi, hata ile ya manjano inayouzwa kwa jina la miwani ya usiku, kazi yake ni kupunguza mwanga ambao tayari hautoshi. Inapunguza taa kali za lori linalokuja, sawa, na inapunguza kwa usawa ule ule baiskeli isiyo na taa iliyo mbele ya lori. Jambo hili limekuwa na uzito zaidi tangu mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, maana sasa yupo dereva anayeondoka alasiri na miwani yake kwa haki kabisa, na giza linamkuta nayo. Kwetu giza halibishi hodi. Jua likishazama, dakika ishirini na kitu mambo yamekwisha. Na kuivua nako kuna wakati wake. Basi likienda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde, kwa hiyo sekunde mbili za kupapasa dashibodi kutafuta kasha ni mita 44 zilizoendeshwa na Mungu peke yake.

Kwa nini basi chombo cha kazi kiishie kuwa pambo? Nadhani jibu liko kwenye hesabu. Waipa hununua tajiri. Tairi hununua tajiri, akinung'unika. Miwani hununua dereva, kutoka kwenye kilichobaki baada ya kumpelekea tajiri hesabu yake ya siku, na kitu ulichokinunua kwa jasho lako una haki ya kukivalia harusini. Deiwaka anayeshika gari siku moja hana hata hiyo. Pendekezo langu ni miwani iwe ya gari, daraja la 2 au la 3, ining'inie kwa kamba karibu na usukani. Najua nitaambiwa kuhusu macho mekundu, ule ugonjwa uliolipitia jiji mwanzoni mwa 2024, na kwamba kuchangia miwani ni kuchangia tongo. Basi iwe na kitambaa na sabuni.

Ila nayaona tayari yatakayofuata. Siku ya ukaguzi trafiki ataulizia miwani ya gari kama anavyoulizia kizima moto, na miwani moja itapita mikononi mwa makonda, dirisha hadi dirisha, foleni nzima, ikivaliwa na kuvuliwa. Na kila suka, kabla hajamkabidhi mwenzake, atakigeukia kidogo kioo cha pembeni aone imemkaaje.