Kusafisha Flashi ni Shilingi Hamsini

Juni ikikaribia kuisha, Kabuchai nzima huhamia kwenye saiba za Chwele. Mwisho wa kujaza ritani za ushuru za KRA ni tarehe 30, nasi hatukumbuki jambo hilo kabla ya tarehe 29. Wengi wetu tunapanga foleni kutwa ili kuitangazia serikali kwamba hatuna kitu.

Foleni hiyo ina watu wagumu kuibiwa. Noti ya elfu wataimulika juani, na gorogoro ya mahindi lazima ijae hadi imwagike. Lakini wakifika mbele ya kijana wa saiba wanataja nywila kwa sauti ya mnadani. Kompyuta inauliza kama iihifadhi, kijana anabonyeza ndiyo. Kufikia jioni mashine ile ina nywila za walimu, wazee wa kanisa na wawaniaji udiwani wote.

Na mashine yenyewe! Windows yake ni ya wizi, imefunguliwa kwa programu ya bure iliyoamuru antivairasi izimwe kwanza. Kijana akatii. Mgeni akikutaka umfungie mbwa kabla hajabisha hodi, wewe utamkaribisha?

Programu haribifu iitwayo Trojani huingia hivyo hivyo, kwa kujifanya gemu, kifungua-programu, au ukurasa unaokutaka uthibitishe kuwa si roboti kwa kubonyeza Windows na R, kisha ubandike maneno usiyoyaelewa. Ikishaingia haipigi kelele. Inakomba nywila zilizohifadhiwa pamoja na vidakuzi vinavyoijulisha tovuti kwamba umeshaingia, hivyo mwizi anapita bila kuulizwa nywila wala namba ya kuthibitisha. Kati ya Machi na Mei 2025, Microsoft ilikuta mojawapo, Lumma, kwenye kompyuta zaidi ya 394,000 duniani.

Mimi ritani najazia kwenye simu yangu. Nikilazimika kufungua barua pepe saiba, nikitoka nabadilisha nywila kwa simu hiyo na kuondoa akaunti kwenye vifaa vingine vyote. Kijana ananiona mnoko.

"Mwalimu, hapa kuna nini cha kuiba?" aliniuliza juzi, akichomeka flashi yangu nichapishiwe barua moja.

Flashi ilirudi imejaa njia za mkato, barua haionekani. Kuisafisha, akasema, ni shilingi hamsini. Kuiambukiza hakunitoza.