Nimepokea, Asante

Mwaka 1956 mwanahisabati Claude Shannon alithibitisha kwamba njia ya mawasiliano ya mtu na mtu, kama haina kumbukumbu, haiongezewi uwezo hata chembe na majibu ya mpokeaji. Maskini, hakuwahi kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Afadhali watafiti Gaarder na Wolf, ambao mwaka 1975 walionyesha kuwa njia wanayochangia wasemaji wengi huweza kunufaika na mrejesho: kila mmoja hujua kilichofika, akakamilisha kilichopungua.

Sisi tumewapita wote. Juzi mweka hazina kaandika, "Kikao saa kumi, ukumbi umebadilika." Papo hapo zikashuka "Nimepokea" 43, "Amina" kumi na moja, viganja vya dua, mawaridi, na shangazi mmoja akauliza, "Kwani kikao saa ngapi?" Huo ndio ushirikiano! Wenye kijicho wanadai tangazo lilizama. Kwani lulu huelea? Nami sikubaki nyuma, nikaandika, "Poa, mkuu."

Kikao kilifanyika. Tulifika wanne, kwenye ukumbi wa zamani.