Mtabiri wa Mvua Aliyekosa Waya Mweusi

Kericho hatuulizani kama mvua itanyesha; tunaulizana itanyesha saa ngapi. Upepo wenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Victoria, hukutana na miinuko ya Mau, na ikifika alasiri tunakimbilia kuanua nguo. Kwa mwaka tunapata zaidi ya milimita 1,500. Basi nilipotangaza nyumbani kwamba natengeneza kifaa cha kupima unyevu wa udongo, Mzee alinitazama kwa huruma.

"Ukitaka kujua kama udongo wa Kericho umelowa," akasema, "vua viatu."

Lakini kitalu ni habari nyingine. Miche ya chai huanza na vipandikizi: jani moja na kipande cha shina, kimechomekwa kwenye kifuko cha udongo, kikafunikwa kwa karatasi ya plastiki chini ya kivuli. Humo mvua haiingii. Maji yakizidi, vipandikizi vinaoza, yakipungua, vinakauka, na ukifunuafunua kila mara kuchungulia, unyevu unatoka na wewe. Nilitaka kitu cha kuchungulia kwa niaba yangu. Nikaweka bodi ya Arduino Uno sebuleni, imeshikana na laptopu, nikavuta waya mrefu hadi kitaluni. Kule kulikuwa na uma wa chuma wa kupima unyevu na sensa ya joto aina ya LM35, vyote vikila umeme wa chaja kuukuu ya simu.

Arduino ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ili hata asiye mhandisi aweze kutengeneza vitu vya namna hii. Pini zake za analogi hupokea volti kati ya 0 na 5, kisha huzikatakata katika ngazi 1,024, kuanzia 0 hadi 1,023. Kila ngazi ni karibu milivolti 5. Kwa uma wangu, namba kubwa ni ukavu na namba ndogo ni maji. Kwa muda kifaa kilisema kweli, na mimi nikatembea kijijini kifua mbele.

Halafu asubuhi moja yenye jua zuri kikaandika 212, yaani bwawa. Kabla sijamaliza kushangaa kikaandika 890, yaani jangwa la Chalbi. Kisha 430. Kisha bwawa tena.

Jirani aliyekuja kuazima jembe alikuta imeandikwa 212. "Inasema nini?" Nikamwambia inasema maji mengi. Akatazama nje, jua kali, akacheka. Saa nane mvua ikamshukia akiwa katikati ya shamba na kikapu mgongoni. Kesho yake alirudi mapema, bila kuhitaji jembe lolote, kuuliza kama aanike mahindi. Nyuma yake akaja mama wa nyumba ya pili, na nyuma ya huyo mtoto aliyetumwa na wa nyumba ya tatu. Katika nchi ambayo karibu kila alasiri hunyesha, mashine inayosema "maji" ovyo ovyo haiwezi kukosea sana. Mzee peke yake hakuvutiwa. Alitukumbusha kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilikuwa zikipelekwa juu ya Kericho kutia iodidi ya fedha mawinguni ili kupunguza mvua ya mawe inayochana majani ya chai. "Wale walikwenda kwa ndege," akasema. "Wewe unakwenda kwa waya."

Ushauri wa tiba ukamiminika. Shangazi alipima kwa macho, akasema kifaa kinaona baridi, akaanza kukifunika kwa leso. Na ajabu ni kwamba kila mkono wake ulipokaribia, namba zilibadilika! Shangazi akaondoka akiwa daktari bingwa.

Fundi wa redio kutoka Litein hakutaka leso. Alichomoa waya zote za pini ya A0, akanionyesha skrini: namba ziliendelea kucheza bila kuunganishwa na kitu. "Pini isiyoshikwa na chochote haisomi sifuri," akasema. "Inasoma upepo." Ni kweli: inadaka mawimbi ya umeme wa nyumba, chaja, hata mwili wa mtu. Mwongozo wenyewe wa Arduino unaitumia pini kama hiyo kuanzishia namba za kubahatisha, na mimi nilikuwa naiuliza habari za udongo.

Kisha akauliza swali moja tu: "Hasi ya kule na hasi ya huku zinaonana wapi?"

Volti ni tofauti kati ya mahali pawili. Kama hasi ya sensa na hasi ya bodi hazikuunganishwa, bodi haina pa kuanzia kupima. Tukafuata waya hadi kitaluni. Kwenye skrubu iliyopaswa kushika nyaya mbili nyeusi za hasi, palikuwa na mmoja. Mwingine tuliukuta dirishani kwa mdogo wangu, umekuwa antena ya redio.

"Nyeusi mbili, skrubu moja," akajitetea. "Nikajua moja ni ya akiba. Na siku hiyo kulikuwa na mpira."

Waya uliporudi, unyevu ukatulia. Joto likabaki na kichaa chake kidogo. Tulikuwa tumeitoa bodi kwenye laptopu na kuipa chaja ya bei ya chini, na kila kinu cha kusaga mahindi cha jirani kilipowashwa, kitalu kilipata homa ya nyuzi moja au mbili. Uno, isipoambiwa vinginevyo, hupima kwa kulinganisha na umeme wake yenyewe. Umeme huo ukishuka kutoka volti 5 hadi 4.6, namba inapanda bila sensa kubadilika, kama vile karani wa kituo cha majani anapima kikapu chako huku mtu amekanyaga mizani. Dawa ni kuiamuru itumie rejea yake ya ndani ya volti 1.1 inaposoma joto. LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi, kwa hiyo ngazi moja iliyokuwa karibu nusu nyuzi ikawa kama sehemu ya kumi ya nyuzi. Rejea hiyo ina mwisho wake kwenye nyuzi 110, na siku Kericho itakapofika huko, chai itajichemsha shambani.

Uma wa unyevu nao una tabia zake. Nyunyiza mbolea ya NPK 26:5:5 karibu nao, utatangaza mafuriko, kwa sababu chumvi inapitisha umeme. Ukiuacha na umeme kutwa kucha kwenye udongo wetu wenye asidi, ambao ndio chai inaupenda, unaliwa hadi unabaki mswaki. Uwashe unaposoma, uuzime ukimaliza.

Wapo watakaokuambia uchukue wastani wa namba mia na mambo yatatulia. Wastani unafaa pale ukweli upo ila unatetemeka. Kwa mfano, ukisambaza vipimo ndani ya milisekunde 20, mtetemo wa umeme wa hezi 50 unajifuta wenyewe. Lakini kama waya haupo, wastani wa uongo ni uongo uliotulia, nao ndio hatari zaidi, maana unafanana na habari njema.

Siku hizi kifaa changu kinasema kweli: nje mvua inapiga mabati, chenyewe kinaandika kwamba kitalu kimekauka. Majirani wameacha kuja. Wanasema kiliharibika pale fundi alipokigusa. Nawe ukiona namba zako zinacheza, usikimbilie hesabu. Tafuta kwanza waya mweusi, na uanzie chumbani kwa mdogo wako.